Jinsi ya kuisoma shule ya msingi ya mtaani kwako: matokeo, hela na watu wake

Matokeo ya darasa la saba yakishatoka tu, kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa zinaanza kuzunguka skrinshoti za wastani wa shule, huyu anasema shule yetu imepasua, yule anasema walimu hawafundishi, na baada ya siku mbili kimya mpaka mwaka unaofuata. Mimi nimekuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali kwa miaka mitatu na kitu nilichojifunza ni kwamba taarifa za shule zipo nyingi tu na nyingine ziko wazi kabisa, ila wazazi wengi tunaangalia namba moja alafu tunafunga simu. Kwaiyo hapa naelezea jinsi ya kuzikusanya ukaziweka kwenye karatasi moja ambayo mzazi yeyote anaisoma akaelewa, alafu ukaingia nayo kikaoni. Naongelea Tanzania bara. Unachohitaji ni simu yenye bando, daftari, kalamu, na asubuhi mbili za kwenda shuleni.

Anza na NECTA, ila usiishie kwenye wastani

Ingia necta.go.tz, tovuti ya Baraza la Mitihani, nenda kwenye matokeo, chagua PSLE ambayo ndo darasa la saba, chagua mwaka, mkoa, halmashauri, alafu tafuta shule yako. Namba ya shule inaanza na PS. Ukimaliza hapo rudi ufungue na SFNA, huo ni upimaji wa darasa la nne, watu wengi hawaugusi kabisa na mimi naona ndo wenye faida zaidi kwa mzazi mana mtoto wa darasa la nne bado una miaka ya kumsaidia, wa la saba ndo ameshaondoka.

Sasa kuna vitu vya kujua kabla ya kusoma. Masomo ya la saba ni sita: Kiswahili, English, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, pamoja na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300. Kwenye somo moja A ni 41 mpaka 50, B ni 31 mpaka 40, C ni 21 mpaka 30, D ni 11 mpaka 20, na E ni 10 kushuka chini. Kwenye jumla, A inaanzia 241, B 181, C 121, D 61, chini ya hapo ni E. Anayehesabika amefaulu ni mwenye A, B au C.

Hapo ndipo pa kuwa makini, mana neno "kufaulu" linabeba watoto wa aina nyingi mno. Mtoto mwenye 122 na mtoto mwenye 290 wote wamefaulu. Chukua mfano wa kubuni, shule mbili, kila moja ina watahiniwa 120. Ya kwanza ina A 2, B 20, C 92, D 6, E hakuna. Ya pili ina A 14, B 58, C 34, D 12, E 2. Ukipiga hesabu ya ufaulu ya kwanza ina asilimia 95 na ya pili asilimia 88 na kidogo, kwaiyo kwenye grupu la mtaa ya kwanza itasifiwa. Lakini angalia A na B, ya kwanza ina watoto 22 tu, ya pili ina 72. Ya kwanza inavusha karibu kila mtu lakini kwa kuchungulia, ya pili inawafikisha wengi mbali ila kuna 14 inawaacha nyuma, na hao 14 nao ni watoto wa watu. Shule hizi mbili zina matatizo tofauti na dawa zake ni tofauti, asilimia moja pekee haikuonyeshi hilo. Kwaiyo kwenye karatasi yako andika madaraja yote matano, wasichana peke yao na wavulana peke yao, usiandike asilimia tupu.

Baada ya hapo shuka kwenye jedwali la masomo, huku ndo kwenye utamu. Angalia wastani wa kila somo kati ya 50. Shule nyingi za serikali Kiswahili kinabeba jumla, alafu English na Hisabati zinaiangusha, kwaiyo shule inaweza kuwa na C nzuri ya jumla wakati Hisabati iko D miaka mitatu mfululizo na hakuna aliyeshtuka. Andika miaka mitatu kwa mstari mmoja, mfano Hisabati 2022, 2023, 2024. Mwaka mmoja usikudanganye hasa shule ikiwa ndogo, mana yenye watahiniwa 25 watoto wanne tu wakiumwa au wakiwa wazuri sana wastani wote unahama. Ukiona somo limeporomoka ghafla uliza kama mwalimu wa somo hilo alihamishwa au alistaafu, mara nyingi jibu linakuwa hapo hapo.

Kulinganisha na taifa nako kuna maana yake, ufaulu wa darasa la saba kitaifa ulikuwa asilimia 80.58 mwaka 2023 na 80.87 mwaka 2024, kwaiyo shule yako ikiwa 83 usianze kugawa soda, iko karibu na wenzake. Ila linganisha wanaofanana. Shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza, inayochuja watoto mlangoni na darasa lina watoto 30, kuiweka sambamba na shule ya serikali yenye watoto 110 kwenye chumba kimoja ni kuwaonea walimu. Linganisha na shule za serikali za kata yako na kata jirani. Na usihangaike kutafuta orodha ya kumi bora, NECTA walitangaza mwanzoni mwa 2023 kwamba wameacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, na mimi naunga mkono kabisa mana ile orodha ilikuwa inatumika kutangaza biashara kuliko kumsaidia mtoto.

Watoto ambao hawapo kwenye matokeo

Hiki kipengele nakiomba usikiruke. Matokeo yanaonyesha waliofika kwenye chumba cha mtihani, hayaonyeshi waliopotea njiani. Chukua mwaka wa matokeo, rudi nyuma miaka sita, uliza darasa la kwanza la mwaka huo liliandikisha wangapi. Waliofanya mtihani 2024 wengi walianza la kwanza 2018. Ukikuta walianza 214 na waliofanya mtihani ni 131, kuna pengo la 83. Sio wote wameacha shule, wengine walihama na wazazi, wengine walikariri darasa hasa la nne mana asiyefikia kiwango kwenye upimaji anarudia, na wengine waliingia katikati wakitokea shule nyingine kwaiyo hesabu hii haitakaa sawa kama ya dukani. Lakini inakupa swali la kuuliza. Hao 83 wako wapi? Wangapi wana barua ya uhamisho? Wangapi wako machungani, kwenye mashamba, kwenye bodaboda, wangapi ni mabinti walioenda mjini kufanya kazi za ndani?

Kuna mwaka tulifanya hivi kwenye kamati yetu, tukakaa na mwalimu mkuu na daftari la uandikishaji tukasoma jina kwa jina, na wajumbe wanaoishi vitongoji tofauti wakawa wanasema huyu namjua, huyu yupo kwa bibi yake, huyu anauza maji stendi. Ilituchukua siku nzima. Siku ile nilielewa kwamba wastani wetu ambao tulikuwa tunajivunia ulikuwa wa waliobaki tu.

Na ukiona mwaka 2022 watahiniwa wameongezeka sana kwenye shule yako usishangae, wale ndo walikuwa darasa la kwanza la Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza na wazazi wakaandikisha kwa wingi. Shule nyingi zilipokea watoto kuliko madarasa na kuliko walimu, kwaiyo kusoma matokeo ya miaka ile bila kujua hilo ni kuwahukumu watu bure.

Nenda shuleni, na uende vizuri

Taarifa iliyobaki iko shuleni. Nenda asubuhi sio saa ya mapumziko, saini kitabu cha wageni, ingia ofisini kwa heshima. Unaweza kusema hivi: "Shikamoo mwalimu mkuu. Mimi ni mama Neema wa darasa la tatu. Naomba unisaidie taarifa chache za shule, nataka tuziweke kwenye karatasi moja wazazi wazielewe kabla ya kikao." Usiende na simu inarekodi. Usianze na "mbona". Mwalimu mkuu wa shule ya msingi anafundisha, anaandika ripoti, anapokea simu za halmashauri, anasimamia mafundi, ukiingia kama mpelelezi atakufungia mlango na mimi simlaumu. Ukiingia kama mzazi mwenzake wengi wanafurahi mana wamechoka kuulizwa matokeo na watu ambao hawajawahi kukanyaga shule.

Kama hutaki kwenda peke yako pitia kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu ndo katibu wa kamati kwaiyo kumbukumbu za vikao anazo yeye.

Omba idadi ya wanafunzi kwa kila darasa, me na ke, na idadi ya walimu. Gawanya. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Alafu uliza walimu wamegawanyikaje, mana unaweza kukuta wastani wa shule ni 1 kwa 55 lakini darasa la kwanza na la pili, ambako mtoto anajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, kuna mwalimu mmoja na watoto 130, na walimu wengi wamepelekwa darasa la mtihani. Hili nimeliona na linaumiza, mana matatizo ya la saba yanazaliwa la kwanza.

Hesabu matundu ya vyoo mwenyewe, usiulize, nenda kahesabu yanayofanya kazi. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 312 inatakiwa iwe na matundu 16 ya wasichana. Angalia kama kuna maji, kama mlango unafunga, kama kuna chumba cha kubadilishia kwa mabinti wakubwa. Madawati na vitabu vya kiada uliza haraka haraka, vitabu uliza kwa somo na kwa darasa, "vipo" sio jibu.

Uliza pia mahudhurio ya wiki iliyopita, yanapatikana kwenye daftari la mahudhurio, na kama shule inatoa uji au chakula linganisha siku za uji na siku zisizo na uji. Hutahitaji mtu kukueleza zaidi.

Kuna ripoti moja watu wengi hawaijui. Wathibiti ubora wa shule, zamani tuliwaita wakaguzi, wakifanya tathmini ya shule wanaangalia maeneo sita: ufaulu na maendeleo ya wanafunzi, ubora wa ufundishaji, mtaala, uongozi, mazingira, na ushirikiano wa shule na jamii. Wanaacha ripoti yenye mapendekezo. Muombe mwalimu mkuu akuonyeshe mapendekezo ya mara ya mwisho, alafu jiulize yapi yametekelezwa na yapi bado. Eneo la sita ni letu sisi wazazi, kwaiyo kama limeandikwa ni dhaifu hapo hakuna mwalimu wa kumnyooshea kidole.

Hela

Watu wanaogopa kuuliza hela, lakini hesabu yake ni nyepesi. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hiyo 6,000 ndo inaingia kwenye akaunti ya shule, 4,000 inabaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Elfu sita kwa mwaka ni shilingi 500 kwa mwezi kwa mtoto, sawa na chapati moja. Shule yenye wanafunzi 640 inatakiwa kupata 3,840,000 kwa mwaka, yani 320,000 kwa mwezi, na humo ndo kuna chaki, rimu, mitihani, ukarabati mdogo, michezo na uendeshaji wa ofisi. Na hiyo elfu kumi ilipangwa tangu 2002 enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, piga mwenyewe picha bei ya rimu wakati ule na saivi.

Nayaeleza haya mana hesabu hii inakata pande zote mbili. Inakusaidia kuona kama kilichoingia kinalingana na idadi ya watoto, na inakusaidia kuelewa kwanini mwalimu mkuu anaomba mchango. Angalia ubao wa matangazo, mapato na matumizi ya shule yanatakiwa yawe yamebandikwa pale. Kama karatasi ni ya mwaka juzi muombe kwa upole abandike mpya, taarifa anayo tayari mana shule zinaandika mahesabu kwenye mfumo wa kompyuta wa serikali na ripoti inatoka humo. Kama kuna mradi wa ujenzi, mfano madarasa ya BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha shule za awali na msingi, andika kiasi kilichopokelewa, kazi iliyotakiwa, na hatua iliyofikia siku uliyoenda.

Michango ya wazazi nayo iandike kwenye karatasi yako, ya uji, ya mlinzi, ya mwalimu wa kujitolea, ilikusanywa ngapi na imetumikaje. Ukidai uwazi wa ruzuku ukaficha mchango uliokusanywa na kamati yenu wenyewe hutasikilizwa na mtu.

Ukinyimwa taarifa bila sababu usigombane. Andika barua, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu. Nakala peleka kwa afisa elimu kata. Kwa uzoefu wangu barua yenye muhuri wa serikali ya mtaa ikishapokelewa jibu linakuja mapema kabla hata siku hazijafika nusu.

Pima kusoma, wenyewe

Kipimo kinachowagusa wazazi kuliko vyote hakina gharama. Chukua kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili, chagua hadithi fupi, na kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na wazazi wake kaa na mtoto wa darasa la nne mmoja mmoja, pembeni, asome kwa sauti. Usimcheke, usimsahihishe mbele ya wenzake. Andika tu, amesoma hadithi yote, amesoma sentensi, amesoma maneno, au ameishia herufi. Njia kama hii ndo watu wa shirika la Uwezo wamekuwa wakiitumia majumbani kwa miaka mingi, na walikuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi hadithi ya la pili.

Tulipofanya shuleni kwetu kuna watoto waliosoma kama maji yanatiririka na kuna waliokwama kwenye sentensi ya kwanza, na wote walikuwa darasa moja, dawati moja. Tulikubaliana na mwalimu wa taaluma wale waliokwama wapangiwe kundi lao la kusoma nusu saa kabla ya kwenda nyumbani. Wazazi wawili waliostaafu ualimu wakajitolea kuja Jumanne na Alhamisi.

Kuiandika karatasi

Ukurasa mmoja, upande mmoja, maandishi makubwa. Juu jina la shule, kata, na tarehe. Alafu watoto wangapi, walimu wangapi, walioanza na waliomaliza, madaraja ya la nne na la saba kwa miaka mitatu, somo lililopanda na somo lililoshuka, vyoo, hela iliyoingia na ilivyotumika, kazi ambayo wazazi wamefanya. Usiweke maneno kama "shule imezorota", weka namba na sentensi moja ya kuielezea. Ukiweka udhaifu weka na kilicho kizuri kama kipo kweli, kwaya, bustani ya mboga, mwalimu anayebaki na watoto mpaka saa kumi na moja bila kulipwa, hivyo navyo ni taarifa za shule.

Usiweke jina la mtoto yeyote wala namba yake ya mtihani, hata aliyepata A zote, mpaka mzazi wake akubali. Na majina ya waliofeli usiyaweke hata kama kila mtu mtaani anawajua. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, mtoto wa miaka 13 hastahili kuanikwa kwenye grupu la watu 250.

Kabla hujaisambaza mpe mwalimu mkuu aisome kwanza, sio kumuomba ruhusa, ni kumpa nafasi ya kusahihisha. Mara mbili nimesahihishwa mimi, mara moja nilihesabu walimu wa mazoezi kama walimu wa kudumu, na ingetoka vile ingetuaibisha wote.

Kikaoni usiisome yote, watu wataanza kuangalia saa. Chagua mambo mawili tu, kwa mfano Hisabati na vyoo, waulize wazazi tunafanya nini na nani anafanya na lini, katibu aandike kwenye muhtasari majina na tarehe. Mambo mengine yabaki kwenye karatasi, wabebe wakasome nyumbani. Kama mkutano wa kijiji upo karibu, na kisheria unatakiwa kila miezi mitatu, omba dakika kumi za ajenda ya shule mana kuna wasiokuwa na watoto pale ila wana mbao, wana tofali, wana pikapu.

Karatasi ifanywe upya mara mbili kwa mwaka, Januari au Februari baada ya matokeo ya la nne, na mwishoni mwa mwaka baada ya ya la saba. Kumbuka tu kwamba kwa mtaala mpya ulioanza 2024 elimu ya msingi inaelekea kuwa ya miaka sita, kwaiyo mwaka 2027 la sita na la saba watamaliza pamoja, hesabu yako ya walioanza na waliomaliza utaifanya kwa makundi mawili tofauti. Nakala moja bandika ubao wa shule, moja ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, moja msikitini, moja kanisani, na moja kwenye duka ambalo watu hawakosi kupita jioni, na ile ya zamani usiitupe, itunze kwenye faili la kamati.